Mzee Majibu wa Jericho

Mtaa wa Jericho, huku mashariki mwa Nairobi, haujawahi kuzungukwa mara saba na watu wenye tarumbeta. Kuta zake bado zimesimama, ingawa rangi ilishakata tamaa zamani, na ndani ya kuta hizo kuna watu wanaoomba kuliko unavyodhani. Wapo wanaoomba kimya, wapo wanaoomba kwa machozi, na yupo Johnson Matheka, ambaye kwa miaka kumi na tisa ameomba kwa sauti ya kutosha nyumba nne kila upande.

Matheka alikuwa dereva wa lori la jiji mpaka alipostaafu, na mimi naamini ni lori lililomfundisha kuomba vile. Mtu aliyezoea kuongea akishindana na injini hawezi kuanza kunong'ona kwa sababu tu amefika mbele za Mungu. Kanisani, katika lile jengo la mabati nyuma ya soko, alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani alikuwa Baba Mukai, jina la bintiye wa pekee. Ni mtu mwema, niseme hilo mapema kabla sijaanza kumchokoza. Amepatanisha ndugu waliokuwa hawasalimiani, amebeba majeneza ya watu wasio na jamaa, na ngazi yake inajulikana kila nyumba kwa jinsi inavyoazimwa bila kuulizwa itarudi lini. Tatizo lake lilikuwa neno moja.

Watu huagana kwa njia nyingi. Wengine husema haya basi, wengine tutaonana, vijana wa pale kwenye kona husema tu "baadaye" na kugonganisha ngumi. Matheka aliagana kwa kusema "nitakuombea". Ukimwambia mtoto ana homa, nitakuombea. Ukimwambia unasafiri kwenda Kitui kumwona shangazi, nitakuombea. Siku moja Ifrah, binti anayeuza dukani kwa mama yake Ruqiyo, alimwambia kwamba sukari imekwisha. "Nitakuombea," akasema Matheka, akaondoka. Ruqiyo, ambaye ni Mwislamu, alisema inshallah akiwa nyuma ya magunia, na kesho yake sukari ikaletwa kutoka Eastleigh.

Wala hakuwa mwongo. Alikuwa na daftari jeusi, na jina lolote lililoingia humo liliombewa kila siku saa kumi na mbili jioni, yeye na mkewe Ndunge wakiwa wamepiga magoti kando ya kochi. Kasoro ilikuwa ni ile safari ya jina kutoka mdomoni mpaka daftarini. Ilikuwa safari ndefu, na majina mengi yalishukia njiani.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa pili, Matheka alikuwa anarudi kutoka Kiamaiko, ambako huenda kununua nyama ya mbuzi kwa sababu, asema, ya buchari za hapa karibu haina ushuhuda. Alikuwa amebeba paja zima ndani ya mfuko ambao ulikuwa umeanza kutoboka. Getini akamkuta jirani yake Roseline Adongo, amesimama kama mtu aliyetoka nje akasahau alikuwa anaenda wapi.

Mume wa Roseline, Nahashon Obonyo, alikuwa karani wa reli, na kwaya nzima ya kanisa ilisimama juu ya sauti yake ya besi. Halafu akapata uvimbe kooni. Madaktari waliutoa, wakasema uhai upo, ila sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. Miezi mitano ilikuwa imepita. Obonyo aliongea kwa kuandika kwenye kijitabu, na kwaya ilikuwa inamtumia Shiundu kwenye besi, jambo ambalo wote walilistahimili kwa upendo wa Kristo.

"Baba Mukai," Roseline akasema, "siku hizi hata kuandika ameacha. Anakaa tu akiangalia ukuta. Tafadhali mshike katika maombi."

Na akaanza kulia pale pale. Matheka alimhurumia kwa moyo wake wote, hilo sina shaka nalo. Lakini wakati huohuo tone la damu ya mbuzi lilianguka kwenye kiatu chake cha Jumapili, likafuatwa na la pili.

"Usilie, mama. Mungu yupo," akasema, akiinua mfuko juu. "Nitakuombea. Nitawaombea nyote wawili."

Kisha akaharakisha nyumbani. Nyama ikaingia sufuriani, kiatu kikapanguswa kwa kitambaa, na jina la Obonyo likashukia mahali fulani kati ya sufuria na kiatu. Ningependa kukwambia kwamba alikumbuka kesho yake. Hakukumbuka. Wala kesho kutwa, wala mwezi uliofuata.

Wiki ya saba, Alhamisi asubuhi, Roseline alikuja mbio, leso ikiburutika nyuma yake.

"Ameongea! Obonyo ameongea!"

"Amesema nini?" Ndunge akauliza, tayari machozi yakimlengalenga.

"Amesema chai haina sukari!"

Wanawake hao wawili walikumbatiana mlangoni wakicheka na kulia pamoja. Kisha Roseline akageuka, akaishika mikono ya Matheka yote miwili. "Mzee, maombi yako yamejibiwa. Kila asubuhi nilimwambia, usikate tamaa, Baba Mukai anakuombea."

Matheka akafungua mdomo. Hapo, msomaji, palikuwa na upenyo. Ulikuwa mdogo, wa kupita bodaboda na si lori, lakini ulikuwepo, na ukweli ungeweza kupita hapo mzima mzima: mama, nisamehe, nilisahau. Matheka aliuona.

"Mungu ni mwaminifu," akasema.

Ukiyapima maneno hayo hutapata uongo ndani yake hata punje. Hilo ndilo lililomfariji. Ndunge, aliyepiga magoti kando yake kila jioni kwa wiki saba na kusikia kila jina lililotajwa, alimwangalia mumewe, kisha akaenda kuepua chai.

Katika ushirika wa Jumatano, watu waliomba wasikie habari. Matheka alisimama, akasema, "Bwana asifiwe. Tuliomba." Ile "tu" ilikuwa pana, kila mtu angeweza kuingia ndani yake, hata Roseline. Jumatano iliyofuata, kwa kuwa kulikuwa na wageni kutoka Maringo, alisema, "Niliomba." Jumatano ya tatu akasema, "Niliomba, nikafunga." Na wahenga hawakukosea waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Ndunge alitembea kimya mpaka karibu na geti.

"Baba Mukai, kuna kitu sijaelewa. Ulifunga nini? Mlango?"

"Mambo ya roho ni mazito, Mama Mukai."

"Naona. Hata mimi niliyelala kando yako hayakunifikia."

Hakusema zaidi. Ndunge ni fundi wa kushona, na hujua kwamba uzi ukivutwa sana hukatika.

Mtaa haukungoja. Kabla ya Pasaka kila mtu alikuwa anamwita Mzee Majibu. Vijana wa kona walipomwona walipaza sauti, "Niaje Majibu! Tuwekee neno, mzee, tumesota!" naye alipunga mkono kwa upole wa mtu mkubwa. Shiundu alikuja kuombewa sauti ya besi, ombi ambalo kwaya nzima iliitikia amina. Ondiek, mshona viatu, alikuja kuomba mama mkwe wake arudi kwake nyumbani Ugenya, na siku ya tatu mama mkwe akaondoka. Kwamba mama huyo alikuwa ameshakata tikiti ya basi wiki nzima kabla, hilo Ondiek hakuliona kuwa na uzito wowote.

Zikaanza kuja zawadi. Parachichi kwenye karatasi, mtama, mafungu ya mboga, na siku moja kuku mzima aliyefungwa miguu. Ndunge alimpika kuku huyo vizuri sana, kwa dania na nyanya, akamwekea mumewe mezani, kisha yeye akajipakulia ugali na sukuma wiki.

"Mbona huli kuku?"

"Huyo ni kuku wa majibu," akasema Ndunge. "Mimi ni mtu wa maswali tu. Atanikwama."

Matheka alikula paja. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba halikuwa na ladha, lakini nimeona ni haki niongeze kwamba alikula na la pili.

Mwezi wa nne ulipokaribia kwisha, mchungaji alitangaza ibada ya shukrani. Obonyo, ambaye sauti yake ilikuwa imeendelea kurudi kidogo kidogo, angetoa ushuhuda na kuimba ubeti mmoja. Kisha Mzee Matheka angeitwa mbele, avishwe shuka jekundu, ili kanisa lote lijue jinsi maombi ya mwenye haki yanavyofaa. Roseline ndiye aliyelinunua shuka hilo. Alikuja kumpima Matheka mabegani kwa macho, akatabasamu, akaenda zake. Tangu siku hiyo Matheka akawa halali vizuri.

Alijua alipaswa kusema. Ila kila siku iliyopita ilifanya jambo kuwa gumu zaidi. Neno lililokosa kupita kwenye upenyo wa bodaboda sasa lingehitaji barabara kuu ifungwe na askari. Na alikuwa na hoja, maana wenye makosa hatukosi hoja: je, akisema ukweli, hatawavunja moyo wale wote walioanza kuomba kwa bidii? Je, imani ya Roseline? Alilifikiria hilo la imani ya Roseline mara nyingi kwa siku, na kila mara lilimwacha na shuka mabegani.

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, mnamo saa tisa mchana, Obonyo alibisha hodi. Alikuja peke yake. Alikuwa amekonda, shati limemzidi, lakini alikuwa ameng'arisha viatu. Ndunge akamkaribisha kochini, akaenda kuleta chupa ya chai.

"Mzee," akasema Obonyo. Sauti yake mpya ilikuwa ya kukwaruza, mfano wa geti linalodai grisi, na aliitumia kwa uangalifu, neno moja baada ya jingine. "Nimekuja kukuuliza jambo moja, ili kesho niseme sawasawa. Unajua mimi ni karani. Napenda tarehe."

"Uliza, ndugu yangu."

"Ile Jumanne. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, kama saa kumi na mbili jioni. Ulikuwa unaniombea nini?"

Matheka aligeuza macho kuelekea kabatini.

"Nakuuliza kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimechoka," Obonyo akaendelea. "Roseline alikuwa sokoni. Nilikuwa nimeandika barua ya kumuaga. Sikutaka tena kuiona Jumatano. Nikaikunja, nikaiweka mezani, ndipo nikaangalia saa, nikakumbuka kwamba hii ndiyo saa Mzee Matheka na mkewe hupiga magoti. Nikasema, sasa hivi ninatajwa. Na mtu akitajwa kwenye sala hafai kutoka katikati. Ni kama kuondoka mezani wakati chakula kinaombewa. Nikasema, acha nimngoje mzee amalize kwanza. Nikangoja. Nikijua jinsi unavyoomba, nikangoja sana. Roseline akarudi na samaki. Nikaichana ile barua."

Ndunge alikuwa amesimama mlango wa jikoni na chupa mkononi.

Matheka aliinuka. Alienda kabatini, akatoa lile daftari jeusi, akamwekea Obonyo mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake haikuvuka hata meza.

"Tafuta jina lako."

Obonyo akafungua. Alisoma kama karani asomavyo, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mwezi wa pili. Mukai, mtihani. Mchungaji, safari ya Machakos. Goti langu. Mwezi wa tatu. Mvua. Goti langu. Mama Ondiek, jino. Goti langu. Tarehe kumi na mbili kidole kilisimama. Hapo paliandikwa mambo mawili tu: uchaguzi wa wazee wa kanisa, na goti langu.

"Silioni," Obonyo akasema.

"Halimo. Sikukuombea, ndugu yangu. Hata siku moja. Mkeo aliniomba getini, nikasema nitakuombea, nikasahau. Nilikuwa na nyama mkononi." Kisha mzee wa miaka sitini na nne akafunika uso kwa viganja na kulia, na aibu aliyoisikia ilikuwa ya kweli kuliko sala zake zote za mwaka huo. "Ungekufa ukiningoja," akasema. "Nami nikaja nikala kuku."

Obonyo alinyamaza. Alikuwa na uzoefu wa kunyamaza. Aliangalia daftari, akamwangalia Matheka, akaangalia daftari tena.

"Basi siku ile," akauliza polepole, "nilikuwa nimeshikwa na nani?"

Ndunge ndiye aliyejibu, akiwa bado mlangoni.

"Kwani ulidhani ni huyu?" akasema. "Huyu wa goti?"

Kitu kikaanza kukwaruza kifuani mwa Obonyo. Matheka aliinua uso kwa hofu, akidhani koo limemshika. Kumbe mtu anacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha vipande vipande, cha kwanza tangu kisu cha daktari, na kilipoanza hakikuzuilika. "Goti!" akasema Obonyo, akijifuta machozi. "Mungu wangu. Nilikuwa naning'inia kwenye kamba, na kamba yenyewe haikufungwa popote! Na bado haikukatika!" Na hapo kicheko kikageuka kuwa kilio, Ndunge akaweka chupa chini, wakalia wote watatu, kila mmoja kwa sababu zake.

Chai ilipomiminwa, Obonyo alisema, "Kesho utasema wewe au niseme mimi?"

"Ahadi ni deni," akasema Ndunge kabla mumewe hajajibu. "Atasema yeye."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Obonyo aliimba ubeti wake, na hata Shiundu alilia. Kisha Matheka akaitwa. Mchungaji alikuwa tayari na shuka jekundu limekunjwa mkononi. Matheka alisimama mbele, akasema kwa sauti ndogo kiasi kwamba watu wa nyuma, ambao hawakuwahi kuhitaji kusema hivyo, walisema, "Sauti!"

"Bwana asifiwe. Mungu alimponya ndugu yetu Obonyo. Mimi sikumwombea. Nilisahau. Kisha nikachukua sifa ambazo si zangu. Na kuku."

Mabati yalisikika yakitatarika kwa jua. Halafu mama mmoja safu ya nyuma, sitamtaja, akasema, "Na parachichi zangu!"

"Na parachichi," akakubali Matheka.

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Mchungaji alibaki na shuka, hajui alipeleke wapi, maana mahubiri yake yote yalikuwa yamekaa juu ya shuka hilo. Obonyo akalichukua mikononi mwake, akaenda akalitandika juu ya meza ya Bwana, akalinyoosha pembe zote nne kama karani. Lipo hapo hadi leo.

Ila si wote waliocheka. Roseline alikaa wima kwenye benchi lake, mikono mapajani. Yeye ndiye aliyesema kila asubuhi kwa wiki saba, Baba Mukai anakuombea. Wiki nzima alipita karibu na mlango wa Matheka bila kugeuza shingo, na kusema ukweli ni hilo lililomuuma mzee, si kwamba vijana walikuwa wamembadilisha jina wakawa wanamwita Mzee Goti. Mara mbili alitoka kwenda kuomba msamaha, mara mbili akamkuta amefunga mlango. Mara ya tatu alimkuta jikoni, akamwomba. Roseline akasema, "Nimesikia," akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi iliyofuata Matheka alikuwa anatoka Kiamaiko, anachechemea, amebeba mbavu za mbuzi. Getini akamkuta Roseline na kikapu chake.

"Baba Mukai."

"Mama."

"Goti linaendeleaje?"

Alitafuta dhihaka usoni mwake, hakuweza kujua kama ipo. "Linauma, mama. Sitadanganya tena."

"Pole," akasema Roseline. "Nitakuombea."

Akapita zake. Matheka akabaki amesimama, akilisikia neno lake mwenyewe lilivyo jepesi likitoka upande wa pili. Roseline alipiga hatua nne, labda tano. Kisha akasimama. Akarudi, akaweka kikapu chini, akanyoosha mkono kuelekea goti la mzee, akafumba macho na kuanza kuomba, pale pale, mbele ya vijana wa kona, mbele ya Ruqiyo aliyesimama mlangoni pa duka, mbele ya kila aliyetaka kupita geti na kukuta njia imezibwa. Aliomba bila haraka. Alimtaja Mungu kwa jina, na Matheka kwa jina, na goti.

Matheka akafumba macho. Mfuko ulikuwa umeanza kudondosha damu juu ya kiatu, naye akauacha udondoshe.